Mmewazika wadada kabla ya Krismasi

Najua nimepotea wiki mbili. Tulikuwa na tesiti tatu mfululizo, na ile ya saikolojia ya elimu imenitoa jasho mpaka sasa sijui nimeandika nini. Leo nilipanga niwape mkasa wa foleni ya kusaini bumu, lakini nimetoka kikaoni sasa hivi, ni saa tano usiku, na usingizi hauji. Foleni itasubiri. Leo nina ugomvi na watu.

Kwa wale mlioko majumbani, kisa chenyewe ni hiki. Wikiendi iliyopita timu yetu ya kikapu ya wadada ilicheza mechi mbili za kwanza za msimu. Jumamosi tukafungwa 51 kwa 38. Jumapili tukafungwa 44 kwa 40. Mimi nilicheza zote mbili, kwa hiyo mkitaka kusema naandika kwa uchungu semeni tu, ni kweli naandika kwa uchungu.

Jumapili usiku mtu akaandika kwenye grupu: "Wadada warudi kusuka." Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo maana kuna siku na mimi huwa natania. Lakini leo utani umevaa suti. Mjumbe mmoja wa kamati ya michezo amesimama akatoa hoja kwamba hela ya basi la wadada kwa mechi za Januari, laki nne, ihamishiwe timu ya wakaka, "kwa sababu matokeo yameshajionyesha." Matokeo yameshajionyesha! Mechi mbili! Kamati itapiga kura Ijumaa.

Sasa kilichoniuma zaidi ni kwamba mjumbe huyu si mtu asiyejua kikapu. Angekuwa mmoja wa wale wanaouliza goli liko wapi, ningemwacha apite. Huyu anajua. Huyu halali usiku kwa ajili ya kikapu cha wanawake cha vyuo vya Marekani. Ugonjwa ulimkolea mwaka 2024, pale Mkenya Madina Okot, aliyekuwa akichezea Chuo Kikuu cha Zetech, alipokwenda kucheza Mississippi State, na mwaka uliofuata akahamia South Carolina. Ndiye aliyetufundisha wengi wetu majina ya wachezaji pale kwenye vimbweta. Kwa hiyo namjibu kwa vitu vyake mwenyewe, asije akasema nimemletea mambo ya darasani.

Ndugu mjumbe, unakumbuka Desemba 2024? Mimi nakumbuka vizuri maana ulinilia chipsi zangu. Ulituambia UConn imekwisha.

Kwa wasiojua, UConn ni Chuo Kikuu cha Connecticut. Kocha wao Geno Auriemma yuko pale tangu 1985. Mwezi Novemba 2024 alifikisha ushindi wa 1,217 akampita Tara VanDerveer, akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika kikapu cha vyuo, wanaume kwa wanawake. Wakati ule walikuwa na ubingwa 11 wa taifa, lakini wa mwisho ulikuwa wa 2016. Miaka minane mikavu. Watu walishaanza kusema mzee amechoka.

Tarehe 12 Desemba 2024 wakaenda kwa Notre Dame wakafungwa 79 kwa 68. Tarehe 21 Desemba wakacheza Hartford, nyumbani kwao, na USC ya JuJu Watkins, wakafungwa 72 kwa 70. Hapo ndipo ulipotoa hukumu. Ulisema, na watu watatu ni mashahidi wangu, kwamba hawa wanaonea timu ndogo za ligi yao ya Big East, wakikutana na wakubwa wanapigwa. Tarehe 6 Februari 2025 Tennessee wakawafunga 80 kwa 76, ukatutumia meseji ya neno moja: "Nilisema."

Siku kumi baadaye UConn walikwenda nyumbani kwa South Carolina, bingwa mtetezi, uwanja ambao wenyeji walikuwa wameshinda mechi 71 mfululizo. Wakashinda 87 kwa 58. Mwisho wa Machi kwenye robo fainali wakakutana tena na USC, 78 kwa 64. Nusu fainali wakawapiga UCLA 85 kwa 51. Tarehe 6 Aprili 2025 pale Tampa, fainali, South Carolina tena, 82 kwa 59. Ubingwa wa 12. Tangu ile ya Tennessee hawakufungwa tena mpaka wakabeba kombe.

Na wewe siku ile ulisema nini? Ulisema "UConn wamebadilika." Kaka, hawakubadilika wakawa watu wengine. Ulisoma ubao wa matokeo ukaacha kusoma timu.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo, na naomba msiipindishe. Sisemi mechi za Novemba na Desemba hazina maana. Zina maana. Marekani kamati inayochagua timu za mashindano ya mwisho inaangalia msimu mzima, na mechi ya Novemba imo kwenye rekodi sawa na ya Februari. Ni kama CA yetu. CA ni 40, UE ni 60, na hakuna mwenye akili atakayekwambia 40 si kitu. Ninachosema ni kwamba mechi ya mapema ina habari nyingi ndani yake, na namba ya mwisho ndiyo habari ndogo kuliko zote. Mtu anayetaka kuhukumu mapema, ahukumu, lakini aulize kwanza maswali matatu. Nani hakuwepo? Nani mgeni? Wamefungwa na nani, kwa pengo gani?

Tuulize basi hayo kwa UConn ya Desemba ile.

Nani hakuwepo? Azzi Fudd. Huyu dada alikatika ligamenti ya goti Novemba 2023, akakaa nje karibu mwaka mzima, akarudi Novemba 2024, halafu Desemba goti likamsumbua tena akaikosa mechi ya Notre Dame. Kwenye fainali ya Aprili alifunga pointi 24 na kuchaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Yaani Desemba ulikuwa unaihukumu nyumba ambayo ukuta mmoja ulikuwa hospitali.

Nani mgeni? Sarah Strong. Mwaka wa kwanza! Novemba alikuwa ndiyo kwanza anavaa jezi ya chuo. Fainali alifunga pointi 24 akachukua ribaundi 15. Paige Bueckers, staa wao, alifunga 17 tu siku ile, na zikatosha, kwa sababu Aprili hakuwa peke yake tena.

Wamefungwa na nani? Na USC, timu iliyomaliza msimu kwenye kundi la nane bora za nchi nzima, na kwa pointi mbili. Pointi mbili ni kikapu kimoja.

Taarifa hizi zote zilikuwepo Desemba ile ile. Hazikuhitaji mganga. Mtu aliyekaa akajumlisha angesema: timu ambayo mpigaji wake mkubwa goti linamsumbua, na nguzo yake ni mtoto wa mwaka wa kwanza, imefungwa kikapu kimoja na mmoja wa wakubwa, basi hii tuisubiri. Asingesema imekwisha.

Najua utanirukia hapa. Utasema robo fainali USC hawakuwa na Watkins, maana aliumia goti raundi ya pili dhidi ya Mississippi State. Kweli kabisa, na nakushukuru kwa kunisaidia. Kumbe unajua kuuliza nani hakuwepo! Mbona Desemba hukuuliza?

Tena nitakupa silaha nyingine mwenyewe, usije ukasema nimechagua mfano unaonifaa tu. Notre Dame. Mwisho wa Novemba 2024 walikwenda visiwa vya Cayman wakafungwa na TCU 76 kwa 68, kesho yake Utah wakawafunga pia. Mechi mbili za wikiendi moja, kama sisi. Halafu wakashinda 19 mfululizo, wakawapiga Texas, wakawapiga UConn, wakapanda mpaka namba moja nchini. Mwisho wa Machi 2025 wakakutana na TCU tena kwenye hatua ya timu 16, wakafungwa tena, 71 kwa 62, wakarudi nyumbani.

Sasa hapo nani alikuwa sahihi? Aliyesema Novemba "Notre Dame hamna kitu" alionekana mjinga mechi 19 nzima. Aliyesema Februari "hawa ni mabingwa" alionekana mjinga Machi. Lakini aliyeangalia ile mechi ya Cayman akaona TCU wana Sedona Prince, dada wa urefu wa mita mbili, na Notre Dame hawana wa kumkaba chini ya kikapu, huyo alijua kitu cha kweli, na kitu hicho kilibaki kweli mpaka Machi. Hakusema timu ni mbovu. Alisema timu ina swali hili, bado halijajibiwa. Mtu akihukumu Novemba namna hiyo mimi nampa kiti cha mbele.

Haya, turudi nyumbani kwenye uwanja wetu wa saruji wenye ufa katikati.

Nani hakuwepo? Gadi wetu wa kwanza, yule anayetuchezesha wote, anauguza kifundo cha mguu na atarudi wiki ya pili ya Desemba. Mjumbe unajua, maana ulimuona na magongo kantini ukampa pole.

Nani mgeni? Watano kati ya kumi na wawili ni mwaka wa kwanza. Wawili kati yao Jumamosi walifika robo ya pili, kwa sababu walikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu tangu saa moja asubuhi, na mtu akitoka kwenye ile foleni anarudi mwisho. Mmoja alicheza bila kula. Huyo ndiye mnayemwambia arudi kusuka.

Tumefungwa na nani? Jumamosi na timu iliyofika fainali mwaka jana. Kwa pointi 13. Kesho yake na timu nyingine ngumu, kwa pointi 4. Na kati ya Jumamosi na Jumapili kilibadilika nini? Nina daftari, mniamini. Jumamosi tulipata mitupo huru 22 tukaingiza 8. Nane! Hata mimi naona aibu kuiandika. Jumapili tulipata 15 tukaingiza 9. Mimi binafsi Jumamosi nilipoteza mpira mara saba, Jumapili mara tatu. Tungeingiza mitupo mitano zaidi Jumapili, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo mkitaka kutuhukumu, hukumu ziko hapa, chukueni bure: hatujui kutupa mitupo huru, robo ya nne pumzi inakata, na namba saba (mimi) anakimbilia pasi ya mbali wakati ya karibu ipo. Hayo ni makosa ya kweli, na kocha ametusema mpaka masikio yamewaka. Lakini hamkusema hayo. Mmesema timu haina maana. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Halafu kuna hili ambalo kikaoni kila mtu alikuwa analizunguka kama shimo barabarani. Mwaka jana wakaka walifungwa mechi nne za kwanza. Nne, si mbili. Nilikuwepo, nilishangilia mpaka sauti ikapotea. Kamati ilisemaje? "Timu inajengwa, tuwape muda." Wakapewa muda, wakapewa na basi, na Machi walikuwa timu nzuri, nawapongeza kwa moyo mweupe. Nauliza tu: mbona yao inajengwa na yetu inabomoka? Mtu mmoja anijibu kwa hoja, siyo kwa kucheka.

Maana hii laki nne si hela ya safari ya kutembea. Ndiyo Januari yenyewe. Bila basi hakuna mechi nne za ugenini, na bila hizo mechi nne wale watoto watano wa mwaka wa kwanza watakaa mpaka Machi bila kuonja uwanja wa wenyewe. Wakifika Machi watatetemeka, watafungwa, na mjumbe atasimama tena: "Si nilisema?" Ndiyo, utakuwa umesema, na utakuwa umelifanya litokee kwa mkono wako. Kule Marekani South Carolina walipoondokewa na wachezaji wote watano wa kuanza mwaka 2023, walianza msimu na sura mpya, na wakamaliza 38 bila kufungwa hata moja. Sisemi sisi ni South Carolina, jamani, tusichekeshane. Nasema sura mpya walipewa uwanja wa kuchezea. Basi.

Niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema hapa, halafu nikalale.

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa Kidato cha Pili. Wiki ya tatu nikawapa tesiti ya kwanza. Wakafeli vibaya. Nikasahihisha kwa hasira, peni nyekundu, na kwenye karatasi kama kumi hivi nikaandika chini "HOVYO". Niliona nimekuwa mwalimu kweli kweli. Mwalimu aliyekuwa ananisimamia pale shuleni, mama wa makamo mwenye maneno machache, akayachukua yale makaratasi akakaa nayo kimya kama nusu saa. Akaniuliza: "Mwalimu, swali la nne wamekosa watoto 31 kati ya 43. Hapo aliyefeli ni nani?"

Sikuwa na jibu. Swali la nne lilikuwa la mada niliyoifundisha kwa dakika ishirini siku ambayo mvua ilikuwa inapiga bati na hakuna aliyesikia. Nilirudi darasani nikaifundisha upya. Lakini karatasi zile nilishazigawa, na kuna binti mmoja tangu siku ile hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka. Alikuwa ananyoosha kabla. Neno langu moja la wiki ya tatu ndilo alilolibeba, siyo masahihisho yangu ya wiki ya sita.

Darasani tunafundishwa upimaji endelezi na upimaji tamati, tunakariri tofauti zake kwa ajili ya UE, tunapata B. Halafu tunatoka nje tunakwenda uwanjani, tunachukua tesiti ya kwanza tunaisoma kama cheti. Na wengi wetu kwenye ile kamati ni watu wa elimu! Mwakani tutasimama mbele ya watoto wa watu.

Kwa hiyo hoja yangu kwa kamati, naiandika hapa ili Ijumaa mtu asijifanye hakuisikia. Moja, hela ya basi ibaki pale ilipo. Mbili, tupimeni mwisho wa Januari kwa vitu vinavyoonekana: mitupo huru ifike angalau sita katika kumi, kupoteza mpira kupungue kwa theluthi, mahudhurio ya mazoezi yasomwe hadharani, na pengo la pointi likilinganishwa na mechi hizi hizi mbili. Tukishindwa vyote vinne, mimi mwenyewe nitaleta barua ya kusema hela ziende kokote mnakotaka, na jezi namba saba nitaikunja nikaiweka mezani. Tatu, kipimo hicho hicho wapewe na wakaka. Wakiona kigumu, tutaelewana.

Na wewe mjumbe, rafiki yangu (bado ni rafiki yangu, chipsi zangu unadaiwa), Alhamisi saa kumi na moja jioni tuko uwanjani. Njoo na daftari. Kaa karibu na kikapu, usikae kule kwenye kivuli na washkaji. Hesabu. Ukitoka hapo bado unaona hatufai, simama Ijumaa useme hivyo, na useme kwa namba ulizoziona kwa macho yako. Hapo nitakuheshimu hata ukinipinga.

Yule mdogo wetu wa mwaka wa kwanza aliyecheza bila kula amenigongea mlango wakati naandika. Ameuliza kama kesho asubuhi mazoezi yapo, maana amesikia timu inavunjwa. Nimemwambia yapo. Saa kumi na mbili kamili, mitupo hamsini kila mtu, halafu kuoga, halafu lekcha ya saa mbili.

Mpira uko chini ya kitanda changu. Nawasilisha.